Figo ya Shangazi

Habari kwamba atatolewa figo Shangazi aliipata akiwa jikoni, mikono imezama kwenye povu la sabuni, na wala hakuambiwa yeye. Walioambiwa ni wageni. Sebuleni walikuwa wamejaa jamaa waliokuja kumjulia hali kaka yake mgonjwa, na baba yao mdogo, aliyekuwa na tabia ya kusafisha koo kila alipokuwa na neno ambalo yeye mwenyewe amelipenda, alisafisha koo akasema, "Tumshukuru Mungu, suala la figo limekwisha. Tumekaa kama familia, tumeamua itatoka kwa Shangazi. Vipimo vimekubali. Kilichobaki ni tarehe tu."

Wageni wakashusha pumzi. Mwanamke mmoja akauliza kama Shangazi mwenyewe ana afya ya kuhimili jambo hilo. Baba mdogo akajibu, "Yule? Yule ana nguvu za punda." Wakacheka, kicheko cha watu waliotuliwa mzigo.

Jikoni Shangazi alibaki ameshika kikombe kile kile, anakisugua palipokwisha kutakata.

Shangazi halikuwa jina lake. Watoto wa kaka yake ndio walioanza kumwita hivyo, na ilikuwa haki yao, wifi yake akaiga, majirani wakaiga, mwisho hata mama yake mzazi akawa anapaza sauti uani, "Shangazi, nguo zinanyeshewa." Alikuwa na miaka thelathini na kitu, hajaolewa, hana mtoto. Kazi yake ilikuwa kuvika makochi: anavua kitambaa kilichochakaa, anatoa sponji iliyolala, anakaza springi, anavika upya. Aliishi chumba cha nyuma katika nyumba ya kaka yake. Humo ndani kila kilichopotea aliulizwa yeye, kila mtoto aliyeshikwa na homa alilala naye, na kila mgeni aliyezidi alipewa kitanda chake. Hakuwahi kulalamika. Alidhani huko ndiko kupendwa.

Kuhusu vipimo, alikumbuka vizuri. Kaka yake, dereva wa lori, alikuwa ameanza kuvimba miguu, kisha uso, hadi hospitali ikasema figo zake zote mbili zimechoka, na tangu hapo maisha yake yakawa ya kulazwa kando ya mashine inayosafisha damu. Ndipo baba mdogo alipokuja asubuhi moja na gari la kuazima, akamwambia Shangazi, "Ugonjwa wa kaka yako unatembea kwenye damu ya ukoo. Twende ukapimwe na wewe, tujue mapema." Shangazi alivaa gauni lake zuri. Njiani alimshukuru, na walipofika akamshukuru tena, kwa maana hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu wa nyumba ile alipojiuliza kama yeye naye anaumwa.

Mama yake aliingia jikoni kuchukua vikombe.

"Mama, siku ile nilipimwa nini?"

"Ulipimwa damu."

"Ya nini?"

"Usinibane, mwanangu. Unajua ya nini."

"Nimejua sasa hivi. Nimejua pamoja na wageni."

Mama akatupa jicho mlangoni, akashusha sauti. "Tungekwambia. Baba yako mdogo alisema tusubiri majibu kwanza, tusikutie wasiwasi bure. Sasa majibu yamekuja mazuri. Daktari amesema wewe na kaka yako mmeshabihiana kama mapacha. Si jambo la kufurahi?"

"Na kama ningekataa kupimwa?"

Mama yake alimtazama kama mtu aliyesemeshwa lugha ngeni. "Ukatae kwa nini? Ni kaka yako."

Akapanga vikombe kwenye sinia, akatoka. Mlangoni akageuka. "Na hiyo sufuria usiinyanyue. Nitamwita mtu."

*

Kuanzia siku ile mwili wa Shangazi ukawa na wenyewe wengi.

Mama yake aliondoa chumvi katika chakula chake bila kumwambia. Wifi yake, mke wa kaka, mwanamke ambaye hakuwahi kumwoshea hata kijiko, akawa anamletea mayai ya kuchemsha na jagi la maji asubuhi na mapema, na anasimama pale pale mpaka jagi lionyeshe kitako. "Maliza, wifi yangu." Mwanzoni ilionekana kama upendo, na Shangazi, ambaye hakuzoea kupelekewa kitu kitandani, aliona hata haya. Siku moja akaliacha yai sahanini. Tabasamu la wifi yake likazima.

"Usifanye hivyo, wifi. Hiyo si afya yako peke yako."

Mtaani nako hakukuwa na nafuu. Mama mmoja muuza mkaa, ambaye walikuwa wakisalimiana kwa mbali tu, alimsimamisha njiani, akamwekea kiganja ubavuni kama anayepima ubivu wa parachichi, akauliza, "Ni ya upande huu au huu?" Watu waliokuwa kwenye foleni ya maji wakageuka kutazama ubavu wenyewe. Shangazi alitaka kuutoa mkono ule, lakini adabu ikamzuia. Akasimama akashikwashikwa hadi yule mama aliporidhika.

Kilichomkata maini zaidi ni cha kazini. Alifika karakana akamkuta kijana mgeni ameinamia kochi alilokuwa amelianza yeye, ameshika nyundo yake yeye, ile aliyoifunga mpini kwa kitambaa ili isimchubue. Mwenye karakana, mzee mnene aliyeongea akitazama pembeni, alimwita nje.

"Baba yako mdogo alipita hapa. Kasema unakwenda kupasuliwa, hutanyanyua tena vitu vizito. Nikasema pole sana. Sasa na mimi nina kazi za watu, nifanyeje?"

"Ungeniuliza."

"Alisema amekuja kwa niaba yako."

"Mzee, nimefanya kazi kwako tangu karakana hii haina paa. Umewahi kuniona nimetuma mtu kwa niaba yangu, hata siku ninazoumwa?"

Mzee akakuna shingo. Mwisho akasema anaweza kumpa kushona foronya za mito, kazi ya kukaa, mpaka mambo yatakapotulia. Ilikuwa kazi ya wanaoanza. Shangazi alirudi ndani, akamwambia yule kijana, "Nyundo hiyo ni yangu," akaichukua kwa upole, akaitia mkobani. Kutwa nzima alishona foronya nyundo ikiwa miguuni pake.

Kulikuwa pia na fundi rangi. Walikuwa wakionana kwa muda, kimya kimya, watu wazima wasiotaka makelele, na walikuwa wameanza kuzungumzia kupanga nyumba pamoja. Ghafla fundi akapotea. Simu inaita, hapokei. Shangazi akamfuata kazini, akamkuta juu ya ngazi anapaka ukuta wa shule.

"Baba yako mdogo alikuja," akasema fundi bila kushuka. "Kaniomba nikae mbali mpaka mambo yaishe. Eti mimba ikiingia wakati huu, mimi ndiye nitakuwa nimemuua kaka yako."

"Alikwambia hayo hapa?"

"Hapa hapa. Tena kwa sauti."

Shangazi akatazama mafundi wengine waliokuwa wakichanganya rangi. Wawili walikuwa wameinamisha vichwa, wanajitia wana shughuli. Mmoja alikuwa anajizuia kucheka. Kwa hiyo watu hawa wote, ambao hakuwajua majina, walikuwa wamejadiliana kuhusu tumbo lake hapo kwenye vumbi, kati ya ndoo na brashi.

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia sawa."

"Sawa?"

"Ningesema nini? Ni mzee. Halafu ni ya muda tu."

Shangazi alingoja neno jingine. Fundi akachovya brashi, akaendelea kupaka. Shangazi aliondoka pale masikio yakimwaka moto, na hatua zilizofuata alizipiga kwa kasi iliyomshangaza mwenyewe, kana kwamba ameitwa mahali.

*

Hospitali ilikuwa na utaratibu: kabla ya tarehe kupangwa, anayetoa kiungo lazima azungumze na muuguzi mshauri. Baba mdogo alimpeleka, akaingia wa kwanza katika kile chumba kidogo chenye viti vitatu na feni mbovu, akaketi, akasafisha koo.

"Binti yetu yuko tayari," akaanza. "Familia yote iko nyuma yake."

Muuguzi, mwanamama wa makamo aliyevaa miwani iliyoshikizwa kwa uzi, alimsikiliza mpaka akamaliza. "Asante, mzee. Sasa naomba utupishe."

"Mimi ndiye msemaji wa familia."

"Familia haitapasuliwa, mzee. Atapasuliwa yeye. Mlango huo hapo."

Baba mdogo alitoka kwa namna ya mtu anayeacha mzigo wake stendi, anageuka na kugeuka. Muuguzi akafunga mlango, akavuta kiti karibu.

"Dada, unatoa figo hii kwa hiari yako?"

Shangazi alitazama mlango uliofungwa. Aligundua kwamba tangu jambo lile lianze, watu wamemshukuru, wamembariki, wamemlisha, wamemshika ubavu, na sasa ndiyo kwanza anasikia sentensi yenye alama ya kuuliza mwishoni.

"Sijaulizwa," akasema.

"Nakuuliza mimi."

Feni ikakwaruza.

"Wangeniuliza mwanzoni, ningesema ndiyo kabla hawajamaliza kuongea," akasema Shangazi polepole. "Yule ni kaka yangu. Baba yetu alipofariki aliacha shule akaenda kuwa utingo wa malori ili mimi nisome. Ningesema ndiyo. Lakini hawakuniuliza. Walinipakia kwenye gari kwa uongo, wakaninyanyasa kwa mayai ya kuchemsha. Nimekaa na jambo hili, nimelitafakari peke yangu, na nimejua kwamba naogopa. Naogopa kisu. Kazi yangu ni ya kunyanyua. Nataka mtoto, nikijaliwa. Na hata haya yote yasingekuwepo, sitaki. Sijui kama hiyo ni sababu. Niongeze nyingine?"

"Usiongeze. Hata hiyo moja ya mwisho peke yake ingetosha."

Muuguzi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sare. "Nikwambie kitu. Wewe si wa kwanza. Kwa watu wa hali yako tunayo njia. Naweza kutoka hapo nje nikawaambia kwamba figo yako haifai, kuna dosari tumeiona. Hawatajua. Utarudi nyumbani, watakupa pole, mambo yataisha."

Jinsi maneno yale yalivyokuwa matamu, Shangazi aliona hata kizunguzungu. Alijiona amerudi nyumbani hana hatia, mama yake anamfariji, wifi yake anamwonea huruma, chumvi imerudi katika chakula. Hakuna wa kumnyooshea kidole. Alikaribia kabisa kuitikia. Kisha akawaza kwamba katika hadithi hiyo nzuri, kwa mara nyingine, watu watazungumza kuhusu mwili wake nje ya mlango, naye atakaa ndani akisubiri kuambiwa umeamuliwa nini.

"Hapana, sista. Mkisema haifai, itakuwa figo ndiyo iliyokataa. Figo yangu ni nzima. Ninayekataa ni mimi. Nitawaambia mwenyewe."

"Watakutafuna."

"Wameshaanza kunitafuna, sista. Tofauti ni kwamba sasa watanikuta na mifupa."

*

Katika gari baba mdogo aliuliza mara kadhaa tarehe ni lini, Shangazi akajibu atasema nyumbani mbele ya wote. Baba mdogo akachukua jibu hilo kama unyenyekevu, akawapigia simu watu wakusanyike.

Siku zote katika vikao vya nyumba ile Shangazi husimama mlangoni, tayari kuitwa kuleta maji. Safari hii alivuta kiti akaketi katikati. Mama yake alikuwepo, wifi yake, baba mdogo, na kaka yake katika kochi kubwa, blanketi magotini, uso wa rangi ya majivu.

"Sitoi figo," akasema.

Alikuwa ameandaa maneno mengi, lakini hayo mawili yalipotoka akaona mengine hayana kazi.

Wifi yake alishika mdomo. Mama yake akasema, "Hospitali wamekataa?" kwa sauti ya mtu anayeomba iwe hivyo.

"Hospitali hawajakataa. Nimekataa mimi."

Baba mdogo hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Unajua unachosema, binti? Unamuua kaka yako."

"Kinachomuua ni ugonjwa, baba mdogo. Si mimi niliyempa."

"Huo mwili unaoringia umelishwa na nani? Nani aliacha shule akala vumbi la barabara ili wewe ushibe? Unadhani uliota kama uyoga? Huo mwili ni wa ukoo huu. Umeukuta, utauacha."

"Kama ni wa ukoo, kwa nini mlinidanganya?"

"Nani amekudanganya?"

"Wewe. Ulinipakia kwenye gari ukaniambia naenda kupimwa ugonjwa. Mtu hadanganyi ili achukue kilicho chake. Kingekuwa chenu mngekuja mchana kweupe mkasema, tupe. Mlinizunguka kwa sababu mlijua, kila mmoja wenu alijua, kwamba hiki ni changu, na kwamba mwenye kitu huombwa, na akiombwa anaweza kukataa."

Wifi yake akaanza kulia, machozi ya kweli, akitaja watoto mmoja mmoja, nani atawalea, nani atawapeleka shule, na kila jina lilimwingia Shangazi kama msumari, kwa maana watoto wale amewabeba mgongoni mwake. Akajikaza.

"Baba mdogo, wewe umepima?"

"Mimi nina majukumu. Nina watu wananitegemea."

"Wanao je? Wanne, wazima, wanabeba vyuma kila asubuhi pale uwanjani."

"Wana familia zao."

"Kwa hiyo asiye na familia yake ndiye mali ya wenzake."

"Usinijibu hivyo mbele ya mama yako."

"Ulinisema kwa mchumba wangu mbele ya wapaka rangi."

Mama yake, aliyekuwa ameinama muda wote, akainua uso. "Mimi wangeniruhusu ningeingiza mkono mwenyewe nikaing'oa yangu. Nilikwenda wakaniambia presha hairuhusu. Nilirudi nikilia njia nzima."

"Najua, mama," akasema Shangazi. "Lakini ulikwenda kwa miguu yako. Hakuna aliyekupeleka kwa hila."

Kaka yake hakuwa amesema neno. Alishika mkono wa kochi, akanyanyuka kwa shida, akapita katikati yao bila kumtazama mtu, akaingia chumbani kwake. Mlango ukafungwa taratibu.

Asubuhi yake Shangazi alikuta wifi yake ametoa vitu vyake barazani: godoro, sanduku, viatu vimepangwa jozi jozi. Watoto walikuwa wamezuiwa kutoka, lakini mkubwa alikuwa amebandika uso kwenye kioo cha dirisha. Mama yake alikuwa uani anafagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Shangazi aliita mkokoteni. Hakuna aliyemsaidia kunyanyua godoro; akalinyanyua mwenyewe, na siku hiyo hakuna aliyemwambia asinyanyue vizito.

*

Alipanga chumba ghorofani, juu ya duka la vipuri, karibu na karakana. Kwa mzee mwenye karakana alikwenda na nyundo yake, akamwambia anarudi kwenye makochi au anahamia karakana ya jirani yake. Mzee alitazama pembeni, akasema kochi la daktari fulani limelala siku nyingi. Fundi rangi alituma salamu mbili tatu. Hakuzijibu.

Mtaani walimpa jina jipya, Mchoyo. Yule mama muuza mkaa alipomwona alivuka barabara. Watu ambao hawakuwahi kumpa mgonjwa hata glasi ya maji walitikisa vichwa alipopita. Shangazi alizivumilia siku hizo kwa ghadhabu. Ghadhabu ndiyo iliyomwamsha, ndiyo iliyomlaza. Hasira yake kubwa hakumpelekea baba mdogo, ambaye alimjua tangu zamani. Ilikuwa kwa mtu mwingine, na hakuthubutu kumtaja hata moyoni.

Mtu huyo alikuja alasiri moja. Alimsikia kwenye ngazi kabla ya kumwona: hatua, kituo kirefu, hatua. Alipofungua mlango kaka yake alikuwa ameshikilia ukuta, jasho linamtiririka, miguu iliyovimba imesukumwa kwenye kandambili.

"Nani amekuleta?"

"Nimekuja mwenyewe. Bodaboda, halafu hizi ngazi zako."

Akamketisha kitandani, hapakuwa na kiti.

"Ulijua?" akauliza Shangazi.

"Nilijua."

"Siku ile ya gari?"

"Nilikuwa kitandani. Nilikusikia unamuuliza mama kama gauni limenyooka. Nilisikia gari linawashwa. Nilijua unapelekwa wapi."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza." Aliongea akitazama sakafu. "Ningekwambia, ningelazimika kukuuliza. Na nikikuuliza, ungeweza kusema hapana. Nikaona afadhali wengine waamue, mimi nijifanye nimelala. Nilikuwa naogopa kufa, mdogo wangu, ndiyo ukweli wenyewe. Mtu akiogopa kufa anakuwa mwizi."

Shangazi alisimama akaenda dirishani. Hasira aliyoificha muda wote ilimjia yote kwa mkupuo mmoja.

"Wale wengine nilijua wananiona kama kapu la nyumba. Lakini wewe, kaka. Wewe ndiye uliyenifundisha kukataa. Nilipopigwa shuleni nani alisema nisikubali mtu anishike bila ruhusa? Halafu wewe ndiye ukalala ukasikiliza gari linawashwa. Yule mzee alinidanganya kwa mdomo. Wewe ulinidanganya kwa usingizi."

Kaka yake hakujitetea. Alipoona amemaliza, alinyoosha mgongo kadiri alivyoweza.

"Nimekuja kukuuliza. Sikutumwa na mtu, na hakuna ajuaye niko hapa. Nakuomba figo yako moja. Utanipa?"

Shangazi aligeuka. Aliziona zile kandambili, ngozi inavyong'aa kwa uvimbe. Aliona mishipa ya mkono ilivyovurugwa na sindano. Alitafuta ndani yake ile ndiyo ambayo zamani ingeruka yenyewe, akaitafuta kwa moyo safi, kama mtu apekuaye nyumba yake mwenyewe. Alikuta mapenzi. Alikuta hofu. Ile ndiyo hakuikuta.

"Hapana, kaka."

Kaka yake alifumba macho, akayafumbua. "Sawa," akasema.

Baadaye akaongeza, "Hukuniambia kwa nini."

"Hukuniuliza."

"Na siulizi." Akavuta pumzi. "Nipe maji basi. Nusu glasi tu, zaidi ya hapo naruhusiwa kuyatazama."

Shangazi akacheka bila kutaka, na katika kucheka huko machozi yakapata njia. Akampa maji. Kaka yake akanywa kwa kuyapima ulimini, akalala kitandani pale kujipumzisha, na jua liliposhuka Shangazi akamshika mkono wakateremka ngazi pamoja.

*

Kaka mtu aliporudi nyumbani aliwaambia amemwomba dada yake, amekataa, na kuanzia leo asisikie mtu amemtaja vibaya. Wifi hakuridhika, hata sasa wakikutana anamsalimia Shangazi akitazama ukuta. Mama alianza kumtembelea kule ghorofani, kwanza kwa kisingizio cha kurudisha kanga, kisha bila kisingizio, ingawa kuomba radhi hakuomba na labda hataomba. Baba mdogo alipopigiwa simu na muuguzi yule, akaulizwa kama yeye au wanawe wangependa kupimwa, alisema ataangalia nafasi. Nafasi haikupatikana, na ziara zake zikapungua hadi zikakoma. Hakuna aliyemwita mchoyo. Kaka akaanza kuwauliza watu mwenyewe, mmoja mmoja, ana kwa ana. Wengi walikataa, na kila aliyekataa, kaka alimshukuru kwa kumsikiliza. Mdogo wake wifi alisema anafikiria. Aliingia kwa muuguzi peke yake, na wote wakakubali kumngoja.

Siku moja mke wa kaka alikuwa kazini, na kaka alikuwa hospitali amelala kando ya mashine, damu inazunguka kwenye mirija. Shangazi aliingia akitokea karakana, nyuzi za kitambaa bado zimeng'ang'ania nywele zake. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee mpenda habari za watu, alimtazama kuanzia miguuni.

"Huyu ndiye yule dada yako aliyekunyima figo?"

Shangazi alisimama. Alikuwa na jibu kali mdomoni, amelinoa siku nyingi, lakini kaka yake alimtangulia.

"Hakuninyima. Ningenyimwa kama kingekuwa changu. Kilikuwa chake, nikamwomba, akasema hapana."

"Na bado unakaa naye?"

"Leo sikumwomba aje, mzee," akasema kaka yake. "Amekuja."

Mzee akaguna, akageukia upande wa pili. Shangazi akavuta kiti, akaketi, akaivuta shuka akamfunika kaka yake mpaka kifuani, kwa kuwa mashine ile huwatia watu baridi.